Majogoo wa Fusae

Nirehara, Hida
18 Novemba 2013

Shemeji Mitsuru,

Salamu nyingi. Najua ukiuona mwandiko huu kwenye bahasha utataka kuirudisha posta. Nakuomba uisome kwanza, halafu ndiyo uirudishe. Hujambo? Magoti je? Mkeo Tomie naye anaendeleaje? Mimi mzima, ila kikohozi changu cha kila mwaka kimeshabisha hodi, na juzi theluji ya kwanza imeanguka, nikaizoa mlangoni huku nikijisemesha peke yangu kama mwehu.

Nimekuandikia kwa jambo moja. Mei ijayo ni kumbukumbu ya saba ya Fusae, kwa hesabu ya hekalu inayoyahesabu mazishi kuwa ya kwanza. Mtawa amenipa Jumapili tarehe kumi na nane. Ile kumbukumbu ya tatu nilikaa peke yangu mbele ya madhabahu, na takia lako lilikuwa pembeni yangu, halina mtu. Majirani waliliangalia takia kuliko walivyomwangalia mtawa. Sikulaumu, nakwambia tu nilichokiona. Hatukujaliwa mtoto, wazazi wenu walishatangulia, na kwao Fusae umebaki wewe tu. Nataka uje. Hilo ndilo neno lenyewe, mengine yote ni porojo.

Haya, porojo zenyewe. Mto umefungwa kwa uvuvi tangu mwisho wa Septemba, kwa hiyo nashinda hapa karibu na jiko nafunga kebari, hawa nzi wetu wa kudanganyia samaki. Bado nafunga mkononi, ndoana nimeibana kwa vidole, bila kile kibano cha mezani wanachotumia watu wa mjini. Mwili nautengeneza kwa sufi ya kangaga za zenmai niliyoichuma mwenyewe mlimani, na kichwani nazungusha unyoya wa jogoo ukiangalia mbele badala ya nyuma, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Na unyoya wenyewe ni wa majogoo wa Fusae. Sitii mwingine, ng'o!

Unakumbuka alivyowafuga? Kila Desemba alichinja mmoja, ngozi ya shingo akanipa mimi, supu akanywa yeye, na wote aliwapa vyeo vya mabosi wangu wa idara ya misitu. "Leo tunamla Bwana Mkaguzi." Jamani, nilikuwa nakwenda kazini Jumatatu nashindwa kumtazama Bwana Mkaguzi usoni. Sasa zimebaki ngozi tisa kwenye sanduku. Mtu akiniuliza nimebaki na nini cha mke wangu namwonyesha picha, lakini moyoni nasema ni hizo ngozi tisa. Aliwalisha yeye, akawatibu yeye, akazikausha kwa mikono yake. Nikishika unyoya mmoja nafunga kebari, naona kama tumeshika kazi wawili.

Nijibu, hata kwa tusi. Tusi nalo ni barua.

Shemeji yako,
Isao


Toyama
9 Desemba 2013

Isao,

Sijambo. Magoti yamekwisha kazi. Tomie hajambo na anakusalimu, ingawa mimi sikumtuma. Pole na kikohozi.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kila asubuhi Tomie ananiuliza, "Umemjibu?" Nikaona heri nikujibu nipate kunywa chai kwa amani.

Sitazunguka. Mimi ndiye niliyekuleta kwa dada. Nilikuwa kijana nina furushi la dawa mgongoni, napita nyumba hadi nyumba kwenye bonde lenu, nikamwona kijana wa msitu asiyelewa, nikasema huyu atamtunza dada yangu. Siku dada alipoanguka jikoni, yule kijana alikuwa wapi? Mtoni, anarusha ndoana. Daktari alisema alilala sakafuni masaa manne. Masaa manne, Isao! Na wewe ukarudi na samaki. Jioni nilipofika hao samaki walikuwa bado kwenye karai uani, wamelijaza, hakuna aliyekumbuka kuwatupa. Kila nikijaribu kuikumbuka sura yake naona hilo karai.

Basi, nimesema. Nililiacha hili tumboni karibu miaka sita na nadhani limenichosha mimi kuliko lilivyokuchosha wewe.

Kuna jambo lingine. Wiki iliyopita nilikuwa natoka kusafisha kaburi la wazazi, na kwenye barabara ya mashamba ya mpunga gari la mbele yangu likamgonga kuku-mwitu jike. Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, mimi na magoti yangu haya. Nikakumbuka uliwahi kuniambia unyoya wa kuku-mwitu jike ni laini, ukiingia majini unapumua. Basi nimemchuna kwa kisu cha jikoni, Tomie kajifunga kitambaa puani, nikaipaka ngozi chumvi, nikaitandaza juu ya ubao ghalani mpaka ikakauka. Iko kwenye kifurushi hiki.

Usinishukuru. Ni ndege aliyekufa barabarani, si zawadi. Na kuhusu Mei sijasema ndiyo, sijasema hapana.

Mitsuru


Nirehara
4 Januari 2014

Shemeji Mitsuru,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Tomie. Mmeamkaje huko? Mmekula mochi? Mimi nimekula tatu, nikakumbuka kila mwaka wazee wanasongwa roho na mchele huo unaonata, nikazikatakata vipande vidogo kama vya mtoto mchanga. Kuishi peke yako kuna aibu zake.

Kifurushi kilifika. Nilikifungua hapo hapo mlangoni, viatu vikiwa bado miguuni, yule wa posta kasimama anashangaa. Shemeji, nani alikufundisha kuchuna? Umemchuna yule ndege kama mtu anayemenya chungwa kwa koleo! Lakini manyoya, ah, manyoya! Hudhurungi yenye madoa, mepesi, ukiyapulizia yanasinzia yakaamka. Nilikaa chini jioni ile ile nikafunga kebari sita mfululizo, na vidole havikutetemeka hata kidogo.

Ngozi nimeilaza kwenye sanduku, juu kabisa ya zile tisa za Fusae, na sanduku nimelirudisha mahali pake penye joto kando ya jiko. Nimeona vyema zikae pamoja, zawadi ya kaka na majogoo wa dada. Usinikatalie neno zawadi, umechelewa, nimeshalisema kwa jirani.

Kuhusu siku ile, uliyoyasema ni kweli na sijitetei. Nashukuru umeyasema. Nilikuwa nayasikia kila siku bila wewe kuyasema, na hilo ni baya zaidi.

Nakuwekea humu kebari mbili, moja ya kuku-mwitu wako, nyingine ya jogoo aliyeitwa Mkurugenzi wa Kanda. Angalia usijichome.

Shemeji yako,
Isao


Toyama
25 Januari 2014

Shemeji Isao,

Za masiku? Kikohozi kimekuachia? Huku kwetu tumo ndani kama viazi ghalani, theluji imefunika hadi dirisha la chini, lakini tuko salama.

Kebari zimefika na nimejichoma. Niliichomeka ile ya Mkurugenzi kwenye kofia yangu, nikaenda nayo dukani. Tomie akasema naonekana kama mtu aliyetuliwa na mdudu na hana wa kumwambia. Sikuivua.

Halafu nikajaribu kufunga yangu. Nimeuza dawa miaka arobaini, nimefunga vifurushi vya unga wa dawa maelfu, nikasema kinanishinda nini kijidude hiki? Loo! Uzi ukakatika mara tano, gundi ikanishika ndevu, na kilichotoka mwishoni samaki akikiona atahama mto. Nimecheka peke yangu mpaka Tomie akaja kuchungulia. Kwa kweli sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka namna ile nikiwa nakufikiria wewe.

Nitakuja Mei. Nitakuja Ijumaa, siku mbili kabla, tulisafishe kaburi pamoja na tumpikie dada vile vyakula alivyopenda. Na uniwekee unyoya mmoja wa majogoo wake, unifundishe kuufunga taratibu, kwa vidole vyangu mimi. Sitaki kuvua. Nataka tu niwe na kitu kilichotoka mikononi mwake nami nimekishika. Wewe una ngozi tisa, mimi zaidi ya Mkurugenzi wa kofiani sina hata kitambaa chake, maana siku ile niliondoka kwa hasira bila kuchukua kitu.

Nikumbushie saa za treni. Na ujitunze.

Shemeji yako,
Mitsuru


Nirehara
27 Februari 2014

Mitsuru,

Sina salamu leo.

Tangu siku chache baada ya mwaka mpya homa ilinilaza, kikohozi kilishuka kifuani, sikuligusa sanduku karibu wiki saba. Leo nimepata nafuu. Keshokutwa mto unafunguliwa, nikasema nifunge tatu nne za kuanzia msimu. Nikafungua sanduku. Nikanyanyua ngozi ya juu, yako, ikabaki kama wavu mkononi, manyoya yote chini. Chini yake walikuwa wanatembea. Viwavi weupe wa nondo, wameshiba. Nikanyanyua ya Fusae ya kwanza, imebaki vijiti. Ya pili vijiti. Ya tatu, ya nne, nikaenda mpaka ya mwisho, zote tisa, Mitsuru, zote tisa ni pumba na vumbi, na nondo wakubwa wakaruka wakanigonga usoni.

Nimekaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Walikuja kwenye ngozi yako. Miaka yote sanduku lile halikuingia mdudu. Mwaka wa kwanza linapoingia kitu kutoka kwako, kimeisha kila kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga waliona mbali. Ulitunyima uso wako karibu miaka sita, mimi na hata marehemu, takia likakaa bila mtu. Hilo halikukutosha? Ulikuwa lazima unitumie funza wamalizie na kile kidogo alichoniachia? Wewe mtu wa dawa, umeuza dawa ya kila mdudu aliyeumbwa, leo uniambie hukujua kwamba ngozi ya ndege wa barabarani ina mayai ya nondo? Ulijua. Au hukujali, na mimi sioni tofauti.

Mei usije. Takia lako nimelitupa stoo.

Kuwabara Isao


Toyama
20 Machi 2014

Shemeji Isao,

Nakusalimu hata kama hutaki salamu, na nakuuliza hali kwa sababu umesema homa ilishuka kifuani. Je, umekwenda kwa daktari? Mtu wa miaka sabini na mbili hachezi na kifua. Dawa nimekutumia kwa njia ya jirani yako, najua kutoka kwangu ungezitupa.

Sikujua, Isao. Naapa kwa jina la dada, sikujua.

Barua yako ilipofika nilikaa hapo hapo kukujibu. Nikaandika kwamba niliikausha vizuri, niliipaka chumvi, nilikuwa na nia njema, laiti ningejua nisingeituma. Nikajaza kurasa mbili. Halafu nikazisoma, na nikasikia sauti yako wewe. Ndiyo maneno uliyoniambia jioni ile uani, karibu na karai. "Sikujua. Aliniambia niende. Nilidhani mzima. Laiti ningejua." Na mimi nikakukatiza mbele ya watu nikakwambia mtu aliyependa kweli angejua. Nilikwambia hivyo, unakumbuka. Sasa nimesimama pale pale uliposimama, na nimeona hakuna neno linalotosha kusemwa na mtu aliyesimama pale. Kurasa mbili nimezichana.

Kuna kitu sijamwambia mtu, hata Tomie. Siku ile saa tatu na dakika arobaini asubuhi dada alinipigia simu. Nilikuwa nyumbani kwa mteja, nimekaa kizingitini nakunywa chai, tunapiga soga. Nikaliona jina lake. Nikasema moyoni, ah, majogoo tena, huyu akianza hamalizi, nitampigia baadaye. Nikairudisha mfukoni. Ikalia mpaka ikakoma. Haikulia tena.

Sijui alitaka kusema nini. Pengine kichwa kilikuwa kinamuuma. Pengine kweli ilikuwa majogoo. Lakini ningepokea ningesikia sauti yake imepotoka, mimi nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, ningejua papo hapo, ningempigia jirani yenu angefika kwa dakika tano. Nikaja kwenu jioni na simu ile mfukoni, nikakukuta umesimama na viatu vya matope, na nikashukuru, Isao. Nilishukuru kwamba yupo mtu wa kumlaumu na si mimi. Nimekuchukia miaka yote kwa sababu nikikuacha wewe anabaki mwingine mmoja tu.

Sitakuja Mei. Umenikataza na nitaheshimu. Wala sikuombi msamaha wa majogoo, najua ngozi zilizokwenda hazirudi. Nimekuandikia kwa sababu lawama ile uliibeba peke yako, na nusu yake ilikuwa yangu.

Mitsuru,
mdogo wake Fusae


Nirehara
6 Mei 2014

Shemeji Mitsuru,

Hujambo wewe na Tomie? Dawa zilifika, jirani alinidanganya vibaya kwamba ni zake, nikazinywa. Kifua kimepona. Hapa theluji imebaki vileleni tu, na zenmai zimeanza kuchomoza. Sijaenda kuzichuma.

Karibu wiki saba sijakujibu. Barua hii nimeianza mara nne. Mto umefunguliwa tangu Machi mosi na sijatia mguu majini, watu wanafikiri bado naumwa.

Kwanza, ngozi. Kwenye bonde hili ngozi mpya hailazwi na za zamani mpaka ilale nje kwenye theluji wiki mbili. Inatolewa, inarudishwa ndani siku moja, inatolewa tena, ili kama kuna mayai yafe. Hata mtoto wa shule hapa anajua hilo. Na kazi hiyo ni ya mpokeaji, si ya mtumaji, hata kama ngozi imetoka kwa mtawa mkuu. Kifurushi chako kilipofika, theluji nje ilikuwa imefika kiunoni. Ilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni, Mitsuru! Sikuilaza. Na unajua kwa nini? Furaha. Umeniandikia baada ya miaka karibu sita, umenichunia ndege na magoti yako yale, nikataka kitu chako kilale na vitu vya Fusae siku ile ile, nisingoje hata wiki mbili. Miaka hamsini nafunga kebari, sijawahi kufanya ujinga ule.

Siku nilipofungua sanduku nilijua. Nataka ulisikie hili vizuri. Nilijua ni kosa langu kabla sijashika kalamu. Nikakaa sakafuni, nikaona sitaweza kulala na hilo, nikakuandikia wewe kwamba ni wewe. Nikapumua. Nilipumua wiki tatu, ulipoleta barua yako pumzi ikakata.

Sasa la pili, na baada ya hili utaamua mwenyewe.

Fusae aliniambia niende, hilo ni kweli, alisema namsumbua jikoni. Lakini nami nilimwambia nitarudi saa nne. Nilimpa saa. Saa tatu na nusu samaki wakaanza kupanda, kila nikirusha wanakuja, siku kama ile mtu anaiona mara mbili tatu katika maisha yake. Saa nne ilipofika niliitazama saa. Sikusahau, kama nilivyowaambia watu. Niliitazama, nikasema mmoja tu, halafu nakwenda. Nikasema hivyo tena. Nikaendelea kusema hivyo mpaka saa nane mchana. Ningekuwa mtu wa kutimiza neno ningemkuta ameanguka muda mfupi tu, na pengine bado angenitambua.

Kuhusu simu yako sina la kukupoza. Nikikwambia si kosa lako utajua nakudanganya, kwa sababu na mimi nimeambiwa hivyo na watu wengi na sikumwamini hata mmoja. Naweza kusema tu kwamba nimeisoma mara nyingi na sikukuchukia. Nilingoja hasira ije, haikuja. Nimelia, nakwambia wazi, nililia kwa ajili yako, umekaa na ile simu peke yako miaka yote.

Takia lako nimelitoa stoo, nimelianika juani siku mbili. Mtawa kauliza tutakuwa wangapi, nikamwomba angoje. Tarehe ni ile ile.

Shemeji yako, kama jina hilo bado unalitaka,
Isao


Toyama
13 Mei 2014

Shemeji Isao,

Hatujambo huku. Tomie anakusalimu, na safari hii nimemtuma.

Nilisoma mpaka pale ulipotazama saa, nikaiweka barua chini. Siku mbili sikuigusa. Sitakudanganya, imeniuma upya kabisa kama vile amekufa juzi. Miaka yote hii nilidhani siku utakayokiri kwa kinywa chako moyo wangu utatulia. Umekiri, na haukutulia. Nimekwenda uani nikapasua kuni zisizohitajika, mzee wa miaka sitini na tisa, mpaka jirani akauliza kama tuna wageni.

Bado nina hasira na wewe, Isao. Usinipikie maneno mazuri ya kunifariji tukikutana, sitayaweza. Lakini nimefikiri hivi. Dada alikuwa na watu wawili tu wa kuwaita asubuhi ile, na sote wawili tulisema, "Baadaye." Wa tatu hakuwepo. Kama sisi wawili hatukai mbele yake Jumapili, hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kukaa pale wala mwenye sababu. Mwambie mtawa tutakuwa wawili. Tomie atabaki na kuku wake, nimemwambia yote, alinishika mkono.

Kwa hiyo nakuja. Nakuja na hasira yangu yote iliyobaki, sina pa kuiacha, nitafutie na yenyewe pa kulala. Nafika Ijumaa kwa treni ya saa tano asubuhi.

Usije stesheni. Nikikuona nitalia, na mimi nimeuza dawa kwenye bonde hilo miaka thelathini, sitaki wateja wangu wanione. Kaa nyumbani, uwepo nikifika.

Shemeji yako,
Mitsuru